Kamba Fupi, Kamba Ndefu

Kivuli kilikuwa kimefika makaburini. Zamda alikiona asubuhi alipotoka na kamba begani, na moyo ukampasuka, paa. Jana yake kilikuwa bado ng'ambo ya kijito. Jana yake, au labda ilikuwa mwaka jana, maana katika mji ule neno jana lilikuwa la kukisia tu, na mtu akilitamka humtazama jirani yake aone kama wamekubaliana. Alisimama kwenye kaburi la mama yake, akaona nusu ya kaburi ina jua na nusu imeliwa. Upepo ulikuwepo, lakini majani ya upande wa kivuli hayakutikisika. Hakutaka kuukanyaga ule weusi. Alijifunga kanga vizuri, akauzunguka kwa mbali.

Msomaji asishangae kusikia kivuli kisicho na mwenyewe. Katika mji ule, ambao hauna jina kwa sababu kila aliyeupa jina aliamka amelisahau, vivuli vilikuwa vinatangulia. Mgeni wako akiondoka kwake alfajiri, kivuli chake kinaingia uani kwako asubuhi, kinajilaza karibu na kinu, nawe unajua kuna mtu anakuja, unaongeza maji sufuriani. Mwenyewe anafika mchana, anakikanyaga kivuli chake, wanakuwa kitu kimoja, mnaamkiana. Kigumu kilikuwa kujua atafika lini, ili wali usipoe wala mgeni asikae akimeza mate. Ndiyo maana kulikuwa na wapimaji. Mpimaji alikinyooshea kivuli kamba ya mkonge, akatazama jua, akatazama na majani yaliyolala, kisha akakata kipande cha kamba akasema: huu ndio muda uliobaki. Wapimaji walikuwa wawili siku zote, na siku zote hawakukubaliana. Basi kamba zao zilifungwa ncha kwa ncha, zikakunjwa katikati, na mji ukapika kwa kufuata mkunjo. Mmoja akisema mgeni atafika adhuhuri na mwingine akasema alasiri, chakula kiliiva kati ya hapo, na mgeni akila wali wa uvuguvugu hakufa mtu.

Kisha kikaja kivuli cha mlimani.

Juu ya mlima walikaa wafuaji. Hao walikuwa wakishuka na makapu, wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba maneno. Hawakuchagua. Walichukua ugomvi wa mke na mume, kelele za sokoni, nyimbo za kubembelezea watoto, matusi, dua, hata vikohozi. Watu walitoa kwa moyo mweupe, kwa kuwa neno ukilitoa hulipungukiwi, au hivyo ndivyo walivyodhani. Wafuaji waliyapandisha yale makapu, wakayamimina motoni, wakayafua mchana kutwa. Ukiwauliza mnafua nini, walijibu kwa furaha: "Kitu cha kuwasaidia." Ukiwauliza kikishaiva kitataka nini, walitazamana. Siku moja watu wakaona kivuli kimetoka kule juu, kipana, hakina kichwa wala miguu, kinashuka polepole kuelekea mjini. Kivuli kikitangulia, mwenyewe yuko njiani. Hilo hakuna aliyelibishia. Kilichobishaniwa ni lini, na waliopewa kazi ya kubishana walikuwa Zamda na pacha wake.

Shaweji na Zamda walizaliwa tumbo moja, dada akitangulia kwa pumzi chache, ndiyo maana Shaweji alimwita dada maisha yake yote. Walifundishwa kamba na baba mmoja, kwa mafundo yale yale. Nyuso zao zilifanana hata katika utu uzima wao, na wakati mwingine Zamda akiinamia mtungi wa maji hungoja kidogo aone ni yupi kati yao atakayemtazama. Watu wa aina hiyo ungetegemea waone kitu kimoja. Wapi! Walipima kivuli kimoja, siku moja, kwa kamba iliyokatwa kwenye mzigo mmoja wa mkonge, na dada akakata kipande kisichotosha kufungia mbuzi, kaka akakata kamba ya kuzunguka soko zima.

"Dada, wewe hupimi hicho kitu, unapima jua," Shaweji alizoea kumwambia wakiwa wamechuchumaa ukingoni mwa weusi. "Jua likishuka, kivuli cha jiwe kinafika mtoni. Kwani jiwe limetembea?"

"Jiwe halikohoi, Shaweji."

"Umeanza tena."

"Nimesikia kikohozi kule juu. Kikavu, kinavuta mwishoni. Kikohozi cha mwanangu Siwema, na Siwema alikuwa ubavuni kwangu amefunga mdomo wake."

"Mwangwi huo. Wafuaji wamebeba vikohozi vyetu kwa makapu, wewe unashangaa vikirudi?"

"Mwangwi unakuja baada. Mimi nilikisikia kwanza, halafu ndiyo Siwema akakohoa."

Shaweji aliviringisha kamba yake kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikaisha.

"Watoto wanakohoa, dada," alisema.

Huyo ndiye Shaweji. Usidhani alikuwa mjinga. Aliwahi kuona vivuli vikubwa vilivyotisha mji mzima, na mwenyewe akafika ni mchuuzi mfupi wa chumvi aliyejitwika mzigo mrefu. Alijua hofu inavyorefusha vitu. Zamda naye alijua mazoea yanavyovifupisha, na kila mmoja alikuwa na mifano ya kutosha kumzibia mwenzake mdomo. Walipendana sana, wakachoshana sana. Na kila mwaka, siku ya kukabidhi kamba, Bwana Ngwali mshika fundo aliifunga ile fupi na ile ndefu, akakunja katikati, akautundika mkunjo kwenye nguzo ya soko, na mji ukajua kwamba mwenyewe atafika watoto wa leo wakiwa babu na bibi. Watu wakashusha pumzi. Kinakuja, walisema, lakini si kwetu. Ilikuwa hofu kiasi cha kumfanya mtu aonekane mwenye busara, na raha kiasi cha kumfanya alale.

Mwaka mmoja, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, pacha walipiga kelele pamoja. "Nikiwa mkweli mimi, kinafika kesho!" Zamda alisema. "Nikiwa mkweli mimi, hakifiki!" Shaweji alisema. "Hapo katikati ndipo ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekiweka!" Bwana Ngwali, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliwasikiliza mpaka wakamaliza. "Ninyi kazi yenu kupima," alisema. "Kukunja ni kazi yangu." Watu wakacheka, wakaenda kununua dagaa.

Kulikuwa na amri moja tu iliyowapa wapimaji nguvu. Mkunjo ukitundikwa ukawa mfupi kuliko kimo cha Bwana Ngwali, mji mzima hupanda mlimani na ndoo za maji kuuzima moto wa wafuaji. Zamda aliishi kwa kuingojea siku hiyo. Alitamani Shaweji aogope, hata mara moja tu, ili kamba fupi mbili zifungwe pamoja na moto uzimwe kabla mwenyewe hajakanyaga kivuli chake.

Lakini amri ilikuwa na pacha wake pia. Kamba ya mpimaji ilikatwa vipande viwili vinavyolingana, kimoja cha soko na kimoja cha kutundika juu ya mlango wa nyumba yake, na hakuna wa nyumba ile aliyeruhusiwa kuanza jambo refu kuliko kamba iliyo mlangoni. Mji haukutaka mtu awatishe wenzake kwamba kesho inakwisha huku yeye anapanda minazi. Basi Shaweji alipanda minazi, na vijana wake wakajifunza ujenzi wa miaka na miaka. Zamda alipanda mchicha na kunde. Bintiye Siwema alijua kupika, kufagia na kusuka ukili, kazi za siku mbili tatu, na hakujua kingine. Alikuwa sasa mwanamke mzima, mrefu kuliko mama yake, mwenye mikono isiyotulia. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kukaa kwa Bi Kidawa, mganga wa viungo, ajifunze kuunga mifupa iliyovunjika. Kazi hiyo ilihitaji miaka mingi ya kushika tu, kwa macho yaliyofumbwa, kabla mtu hajaruhusiwa kuvuta. Kamba ya mlangoni haikuwahi kuifikia.

"Mama, kamba yako imekuwa fupi tangu naota meno," Siwema alimwambia mchana wa jana. Au ndio ulikuwa mchana wa leo ukijirudia. Alikuwa amekishika kifundo cha mkono wa kushoto wa mama yake, uliopinda tangu siku Zamda alipoanguka kwenye mawe ya kijitoni akikimbiza kivuli. Alikuwa akikishika hivyo tangu utotoni, anatafuta kitu kwa vidole. "Huu mkono haukuungwa, uliachwa tu. Kuna mfupa humu umelala vibaya. Najua kwamba upo, siujui ni upi."

"Muulize Bi Kidawa."

"Bi Kidawa haongei na mtu aliyesimama nje ya kizingiti, na mimi siruhusiwi kuingia. Unayajua hayo, mama."

"Kivuli kinakaribia mlango wetu, mwanangu. Nikufundishe kazi ya miaka, uifanyie wapi?"

"Kilikuwa kinakaribia mwaka jana. Na mwaka juzi. Kila mwaka unakata fupi, kila mwaka hakiji, na kila mwaka mimi ndiye ninayeishi ndani ya hiyo kamba. Wewe ulishajifunza kazi yako." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Sikuombi unidanganye mimi. Naomba unidanganyie mlango."

Zamda aliuvuta mkono wake, akaenda kukinoa kisu. Asubuhi, pale kaburini, alikuwa na kamba nzima begani na kisu kiunoni, na kivuli kilikuwa kimemla mama yake nusu. Alitembea kuelekea sokoni akiongea peke yake, midomo ikichezacheza.

Nikikata fupi, ni kweli. Nikikata fupi, Shaweji atakata ndefu, mkunjo utakuwa ule ule, moto utawaka, na Siwema atasuka ukili. Nikikata ndefu, ni uongo. Lakini moto utawaka vile vile. Basi ukweli wangu umefanya kazi gani miaka yote hii? Umemfanyia kazi nani? Umemzuia msichana mmoja kizingitini, basi. Nasema kinakuja. Ninasikia kinavyokuja, ninakisikia hata sasa, kinapumua kwa pumzi zetu. Lakini kama kinakuja kweli, kwa nini asijue mfupa mmoja kabla hakijafika? Na kama hakiji? Shaweji, je, kama ni wewe uliyekuwa mkweli, na mimi nimemfungia mwanangu nyumbani kwa ajili ya jua linaloshuka? Mungu wangu. Nani anaongea? Hii sauti ni yangu au imeshuka kutoka juu?

Alisimama. Jua halikuwa limesogea. Alichomoa kisu, na mkono wake wenyewe, ule uliopinda, ukavuta kamba mbali, ukavuta, ukavuta, mpaka ilipotosha kuzunguka soko zima. Akakata. Akahisi kama aliyevua nguo zake na kuvaa za kaka yake, na zilimkaa sawasawa.

Tangu asubuhi ya kupima mpaka kamba zikabidhiwe, wapimaji hawasemezani. Ndio mwiko wao. Kwa hiyo Zamda alipofika uwanjani na kumwona Shaweji upande wa pili wa nguzo, hakuweza kumwuliza kwa nini uso wake umepauka hivyo, wala kwa nini vumbi jekundu la mlimani limemjaa miguuni. Shaweji hakuwahi kupanda mlimani. Alizoea kusema hana haja ya kupanda kwenda kulitazama jiwe lisilotembea. Sasa alikuwa amesimama mikono mitupu, na watu wakadhani ameisahau kamba nyumbani.

"Zamda," Bwana Ngwali aliita.

Alitoka na ile shehena ya kamba begani. Mnong'ono ulipita sokoni. Muuza samaki mmoja aliangusha kisu. Siwema, aliyekuwa mbele kabisa, alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na macho yake yakajaa machozi. Kwa furaha ile Zamda angekata hata kamba ya kuufunga mlima.

"Shaweji."

Shaweji aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande kisichotosha kufungia mbuzi.

Zamda aliitazama kamba yake ya miaka yote mikononi mwa kaka yake, akamtazama Shaweji, naye Shaweji alikuwa akiutazama mzigo begani kwake kwa macho ya mtu anayeona nyumba yake inaungua na hana maji. Bwana Ngwali alipokea zote mbili. Hakuona tatizo. Alizifunga ncha kwa ncha, akalivuta fundo likakaza, akakunja katikati, akautundika mkunjo nguzoni. Ulianguka palepale ulipoangukia mwaka jana. Ulifunika hata ile alama iliyoachwa na mkunjo wa mwaka jana.

"Kati ni ile ile!" Bwana Ngwali alitangaza.

Watu wakalipuka kwa vigelegele. "Wamebadilishana!" mwanamke mmoja alisema akicheka mpaka akashika mbavu. "Pacha hawa watatuua!" Mwingine akamjibu kwamba mwaka huu kaka anaogopa kwa zamu. Shaweji alijitupa mbele, akaikamata ile nguzo. "Sikilizeni! Mimi ndiye niliyewaambia miaka yote hakiji! Mimi! Nimepanda juu jana, nimesimama nacho kama ninavyosimama nanyi!" Bwana Ngwali alimshika bega kwa upole, akamwambia fundo likishakazwa halifunguliwi mpaka msimu mwingine, na kwamba hofu yake imeshahesabiwa, ipo mle ndani ya mkunjo pamoja na matumaini ya dada yake. Watu wakaondoka wawili wawili. Siwema alikuja mbio, akambusu mama yake mkono uliopinda, akaichukua nusu ya pili ya kamba ndefu ili akaitundike mlangoni, na kutoka hapo aende moja kwa moja kwa Bi Kidawa. Hakumwuliza chochote. Alikuwa anakimbia kama mtoto.

Wakabaki pacha wawili chini ya nguzo.

"Ungeniambia," Zamda alisema.

"Nimeshuka alfajiri hii, mwiko ulikuwa umeanza. Na wewe je, ungeniambia?"

"Uliona nini?"

Shaweji alikaa chini, akajifuta vumbi miguuni, likahamia mikononi. "Nilikwenda ili nikucheke," alisema. "Nilitaka nirudi nikwambie, dada, ni mapango na moto na wanaume wenye masizi, basi. Kweli nilikuta mapango na moto. Wafuaji walikuwa wamekaa pembeni, hawafui. Nikawauliza mbona mmepumzika, wakasema siku hizi kinajifua chenyewe. Wamekaa tu, dada. Wanaogopa kushuka na wanaogopa kubaki. Nikaangalia ndani, sikuona kitu, niliona mahali panaponitazama. Nikasema, bila kufikiri, unavyomsalimia mtu, hodi. Pakajibu kwa sauti ya baba."

"Pakasema nini?"

"Karibu Shaweji, pakasema. Kesho utakata kamba fupi. Nikasema mimi? Sijawahi. Pakasema, utakata, kwa sababu sasa unaogopa. Na mimi nilikuwa naogopa kweli. Nikafurahi hata hivyo, unajua? Katikati ya woga ule nilifurahi. Nikajiambia, basi kesho zitakuwa fupi mbili, mkunjo utakuwa mfupi kuliko Ngwali, na moto utazimwa. Nikageuka niondoke." Aliinua uso. "Ndipo pakaniambia: na dada yako atakata ndefu."

Zamda aliugeukia mlima.

"Sikuamini," Shaweji alisema. "Niliapa si kweli. Nikasema hukijui wewe kichwa cha dada yangu. Pakaongea kwa sauti ya Siwema, maneno matatu tu. Nidanganyie mlango, mama. Sikuelewa maana yake. Wewe unaelewa?"

Alielewa. Alikaa chini karibu na kaka yake, mabega yao yakagusana, na kama ungepita pale usingejua nani ni nani. Miaka yote alikiogopa kitu kitakachofika kwa nguvu, kitakachovunja milango. Hakuwahi kufikiria kwamba kitakuwa mpimaji. Kwamba kitakaa kule juu kiwapime wao, hofu ya mmoja na mapenzi ya mwingine, kikazifunga ncha kwa ncha na kukunja, na kujua mkunjo utaangukia wapi kabla wao hawajachomoa visu. Hakikuhitaji kuwazuia kuuzima moto. Kiliwaacha wawe jinsi walivyo. Na sasa aliogopa kwa namna mpya, hofu isiyo na pa kukimbilia, kwa kuwa kila alichofikiria kufanya alijiuliza kama tayari kimeshajulikana.

"Tungekubaliana siku moja tu," Shaweji alisema. "Siku moja tu katika maisha yetu."

"Nilitaka ajifunze mfupa mmoja," Zamda alisema, akaanza kulia waziwazi, bila kujificha.

Shaweji hakumlaumu. Alimpa ncha ya kanzu yake ajifute. Walikaa hivyo, na kivuli kikaingia uwanjani pole pole, kikafika miguu ya nguzo, kikaipanda nguzo, kikaugusa mkunjo. Muuza samaki alikusanya vitu vyake akahamia penye jua. Hakumwambia mtu kwa nini.

Siwema alirudi kabla hata ya mchana, kama kulikuwa na mchana siku ile. Alitembea polepole. Kamba ilikuwa bado mkononi, hajaitundika.

"Umerudi kufanya nini?" mama yake aliuliza, akisimama. "Amekukatalia?"

"Hapana. Nimemkuta amekaa nje, mlangoni. Nikamwambia shikamoo Bi Kidawa, kamba yetu ni ndefu sasa, naruhusiwa kuingia. Akasema marahaba mwanangu, ingia tu, lakini ndani hamna kitu." Siwema aliviangalia viganja vyake. "Tangu asubuhi hajaletewa mgonjwa. Mtoto wa jirani yake amevunjika paja, wakampitisha mlangoni kwake mbio, wanampeleka mlimani. Akarudi anatembea. Anacheka. Kilimpulizia tu, wanasema. Wengine wote nao wakapandisha wagonjwa wao. Bi Kidawa ameilaza mikono mapajani, anaitazama. Ameniuliza kama mimi naiona, au yeye ndiye anayeota."

"Mtoto amepona?" Shaweji aliuliza.

"Amepona, mjomba. Kabisa." Akageuka kwa mama yake, na hapo sauti yake ikakatika. "Ulikuwa mkweli, mama. Miaka yote ulikuwa mkweli, kilikuwa kinakuja. Lakini ungeniacha nianze. Hata kama kingekuja, ungeniacha tu nianze. Sasa hivi ningekuwa najua kitu ambacho nimekijua mimi."

Maneno yote ya Zamda yalikuwa yameshachukuliwa na makapu, yako kule juu, yanatumika. Alikuwa na mkono tu. Akaunyoosha, ule wa kushoto uliopinda, akauweka kwenye viganja vya bintiye.

"Huu hawajaupeleka mlimani," alisema. "Anza na huu."

Siwema alisita. Kisha akakaa chini vumbini, akamkalisha mama yake mbele yake, akafumba macho jinsi wanafunzi wa Bi Kidawa walivyokuwa wakifumba. Vidole vyake vikaanza kutembea, taratibu, toka kiwiko kushuka, vinasimama, vinarudi, vinabonyeza. Vilimwuma Zamda, na maumivu yale aliyapenda, kwa kuwa yalikuwa yake. Weusi ulikuwa umewafikia miguuni na hakuna aliyeuondokea. Vidole vikafika kwenye kifundo, vikatafuta pembeni, vikagota mahali fulani, vikatulia. Uso wa Siwema ukafunguka.

"Ni huu?" aliuliza, macho bado yamefumbwa. "Mama, ni huu hapa?"

Zamda alifungua mdomo ajibu, lakini neno lilikuwa bado halijatoka.

"Ndio huo, mwanangu," sauti yake ikasema, laini, kutoka mlimani.

Siwema hakuinua uso. Alitabasamu, akakaza kidole pale pale. "Ahsante, mama," alisema.